Nyama ya bia ya mama mkwe wa Gent: kwake tamu, kwangu chungu kama shubiri. Nimekosea wapi?

#1 Binti Pongwe
Habari za Jumapili wakuu.

Mimi ni wa Tanga, nimeolewa huku Gent, Ubelgiji, mwaka wa tatu sasa. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi, ila ana sufuria moja zito la chuma lenye mfuniko, na Jumapili akilibandika asubuhi, mchana mezani hazungumzi mtu. Ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia nyeusi. Hapa Gent wanaiita stoverij, kwingine Flandria ni stoofvlees, na Wabelgiji wa Kifaransa wanaita carbonnade. Nyama inaachana ukiigusa na uma. Mchuzi mzito, rangi ya kahawa, una utamu kwa mbali na ukali kidogo wa siki. Inaliwa na chipsi, unachovya.

Nilimwomba anifundishe, akasema "angalia tu." Nikaangalia. Kitunguu kingi, karibu nusu ya uzito wa nyama. Nyama anaikaanga kwa siagi vipande vichache vichache mpaka vipate rangi. Anamwaga bia, anatia kitawi cha tijm (thyme) na majani mawili ya laurier (bay leaf). Kisha anachukua kipande cha mkate wa kahawia, anakipaka haradali, anakilaza juu ya nyama, upande wa haradali ukiangalia chini, anafunika. Moto mdogo, masaa matatu. Mkate unayeyuka wenyewe.

Jana mume wangu alikuwa hayupo nikasema nijipime. Kila kitu kama yeye. Imetoka chungu! Si uchungu wa kuungua, ni ule unaobaki nyuma ya ulimi kama umetafuna kwinini. Kilo moja na nusu ya nyama, roho inaniuma. Wajuzi, nimekosea wapi?

#2 Dereva wa Usiku
Mtu wa Tanga kashindwa kupika? Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Mpishi Mstaafu
Pole dada. Bia gani ulitumia?

#4 Binti Pongwe
@Mpishi Mstaafu ile iliyokuwa kwenye friji. Ya rangi ya dhahabu, povu jingi, ya mume wangu. Mama yeye anatumia nyeusi, lakini nikajiambia bia ni bia.

#5 Mpishi Mstaafu
"Bia ni bia" ndiyo iliyoua nyama yako.

Nimepika miaka 11 kwenye jiko la mgahawa Antwerpen, acha nikueleze. Uchungu wa bia unatoka kwenye maua ya hopsi. Ule uchungu haupotei na mvuke. Maji yanapungua, wenyewe unabaki, kwa hiyo kadiri mchuzi unavyokauka ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Bia ya dhahabu yenye hopsi nyingi ukiinywa baridi inaburudisha, ukiichemsha masaa matatu unapata dawa ya malaria. Watu wa huko wanapikia bia nyeusi yenye kimea kingi na hopsi kidogo: dubbel kama ya Westmalle, au oud bruin, ile ya kahawia yenye uchachu wa upande wa Oudenaarde. Kesi imefungwa.

#6 Shangazi Kisamvu
@Mpishi Mstaafu kesi haijafungwa, kaa chini.

Mimi niko Mechelen na mara kadhaa nimepikia bia ya dhahabu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Haikuwa chungu hivyo. Tatizo la huyu binti ni kitunguu. Wengi tukiambiwa "kaanga kitunguu kiwe kahawia" tunakaanga kama cha pilau, moto juu, dakika kumi, kingo nyeusi. Kwa pilau sawa. Hapa kinatakiwa kulala kwenye siagi dakika arobaini kwa moto wa chini mpaka kiwe kama jamu. Na kile kilichoganda chini ya sufuria baada ya kukaanga nyama, kikiwa cheusi usimwagie bia, osha sufuria. Binti, ulikaanga kitunguu muda gani?

#7 Binti Pongwe
Shangazi... kama cha pilau.

#8 Dereva wa Usiku
😂😂 Tanga oyeee

#9 Ustadh Makorora
Assalaam alaykum. Mimi sina la kusema kuhusu kitunguu. Nauliza, dada yetu wa Pongwe, hiyo bia?

#10 Binti Pongwe
Waalaykum salaam. Ustadh, mimi ni Mkristo, wa Pongwe pia tupo. Lakini swali lako ni la haki, maana wifi yangu wa Tanga alipokuja alikataa, mama mkwe akamkaangia mayai.

#11 Kijana wa Leuven
Si inasemekana kilevi chote kinaruka na mvuke?

#12 Mpishi Mstaafu
@Kijana wa Leuven hapana, hilo watu wanalirudia tu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali lake: ukichemsha dakika 15 inabaki kama asilimia 40, saa moja robo bado iko ndani, masaa mawili na nusu ndipo inashuka kwenye asilimia 5. Kinapungua sana, hakiishi. Mwenye kujizuia ana sababu yake, tusimdanganye.

#13 Ustadh Makorora
Shukran mkuu kwa kusema kweli. Na Waislamu wenzetu wa Molenbeek, kule Brussels, wanaipikia nini?

#14 Shangazi Kisamvu
Jirani yangu Mmoroko anatumia supu ya mifupa, siki kidogo na kijiko cha ile sharubati nzito nyeusi ya matofaa na mapeasi, sirop de Liège. Si ile ile lakini watoto wake wanalamba sahani.

#15 Papa wa Likasi
Bandugu jambo. Mi ni mutu ya Likasi, niko Bruxelles tangu 1998. Mama wa Tanga, usilie juu ya uchungu. Babeleji banapenda uchungu! Ulishakula chicon? Kule kwenu Gent banaita witloof. Bibi yangu alitumika ku jikoni ya Babeleji mu Likasi, alikuwa anasema: hawa batu banakula majani ile mbuzi anakataa. Banazungushia jambon (nyama ya nguruwe), banamwangia sauce nyeupe, fromage (jibini) juu, banatia mu four (oveni). Sasa mi mwenyewe minakula kila mwezi wa kwanza. Uzee njo ule.

#16 Binti Pongwe
@Papa wa Likasi witloof naijua! Mara ya kwanza nilisema hii ni mchunga umevaa gauni la harusi. Mweupe pe, laini, halafu unang'ata...

#17 Mwalimu wa Mimea
@Binti Pongwe hujakosea sana. Mchunga wetu wa pwani na witloof wako kwenye familia moja kubwa ya mimea, pamoja na letasi na alizeti. Ule uchungu una undugu. Tofauti ni kwamba witloof inaoteshwa gizani. Wanavuna mizizi shambani, wanairudisha kwenye udongo au maji mahali pasipo mwanga, inachipua kile kichwa cheupe. Ikipata jua inageuka kijani na uchungu unaongezeka. Mama wa Kibelgiji akiipika anachonga kile kikonyo kigumu cha chini kwa ncha ya kisu, ndimo uchungu ulimojikusanya.

Iligunduliwa mwaka 1830 na mkulima wa Schaarbeek aitwaye Jan Lammers. Wakati wa mapinduzi ya uhuru wa Ubelgiji alificha mizizi yake kwenye handaki la nyumba, akarudi akakuta imechipua majani meupe.

#18 Kijana wa Leuven
@Mwalimu wa Mimea hiyo ni hadithi ya Lammers. Bustani ya mimea ya Brussels nayo ina mtu wake, mkuu wa watunza bustani aliyeitwa Breziers, ndiye aliyekuwa akijaribu mizizi hiyo gizani katikati ya karne ya 19. Mkulima ana mapinduzi, mtunza bustani ana bustani, chagua wako.

#19 Papa wa Likasi
Mi nachagua mukulima. Mutu ya bustani ya serikali hawezi kugundua kitu, anangoja mushahara.

#20 Wa Nyeri
Nimesoma mpaka hapa nikicheka. Mimi nilikuwa Brussels kwa kazi wiki sita, wakanipeleka kula chakula chao cha asili kinaitwa stoemp. Sahani ikaja. Viazi vimepondwa na mboga za majani na karoti, soseji juu. Nikawaangalia, nikawaambia hii kwetu inaitwa mukimo na hatuitengenezei sherehe.

#21 Shangazi Kisamvu
Stoemp haina mahindi wala maharage bwana.

#22 Wa Nyeri
Kwa hivyo ni mukimo ambayo haijamaliza shule. Pia wana supu ya kuku ya Gent, waterzooi, hiyo niliiheshimu.

#23 Binti Pongwe
@Wa Nyeri waterzooi ya asili ilikuwa ya samaki. Siku hizi nyumba nyingi ni kuku, na liki, karoti, viazi, mwishoni krimu na kiini cha yai. Mama mkwe anasema mito ya Leie na Schelde ilipochafuka samaki wakaisha, kuku akaingia. Mume wangu anasema kuku alikuwemo zamani sana. Walibishana hivyo Krismasi nzima.

Lakini jamani turudi kwenye nyama yangu.

#24 Mla Boulet
Niko Liège, nimechelewa kuona uzi. Wote mmekosea. Tatizo ni SUKARI. Huyo mama anatia vijiko viwili vya sukari ya kahawia wewe ukiwa unamenya viazi. Nimekaa na Wabelgiji miaka tisa, hakuna mchuzi wa nyama usio na kitu kitamu ndani. Sungura wanampika na plamu kavu. Mipira ya nyama ya huku, boulets, inaogeshwa kwenye sosi ya sirop de Liège, kitunguu, siki na zabibu kavu. Na sosi yenyewe inaitwa sauce lapin, yaani sosi ya sungura, na sungura hamna.

#25 Dereva wa Usiku
Kama hamna sungura inaitwaje ya sungura?

#26 Mla Boulet
Inasimuliwa kwamba ni jina la ukoo. Mama mmoja, Géraldine Lapin, mumewe alikuwa ofisa wa kodi. Lapin kwa Kifaransa ni sungura. Basi wageni kila mwaka wanatafuta mfupa kwenye sosi.

#27 Binti Pongwe
@Mla Boulet sukari sikuiona. Naapa.

#28 Shangazi Kisamvu
Subirini. Binti, ule mkate wa kahawia. Ulikuwa unanata kidogo mkononi? Umekaa kama keki?

#29 Binti Pongwe
Sikuushika. Ila ulikuwa na harufu kidogo. Kama... karafuu.

#30 Shangazi Kisamvu
ALIKUWA NA PEPERKOEK! Huo si mkate mwanangu, hiyo ni keki ya viungo, ina asali au sukari, mdalasini, karafuu. Utamu wote unatoka humo. Wewe ulitia nini?

#31 Binti Pongwe
Mkate wa ngano nzima. Wa kupunguza mwili.

#32 Ustadh Makorora
Mtu wa Tanga ananusa karafuu anafikiri mkate. Innalillahi.

#33 Dereva wa Usiku
Nimeanguka kwenye kiti. Ustadh leo umeua.

#34 Mpishi Mstaafu
Peperkoek inasaidia, sikatai, lakini mgahawani kwetu tulitumia mkate wa kawaida na hakuna mteja aliyerudisha sahani. Kazi ya mkate ni kufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Nabaki kwenye hopsi.

#35 Mtoto wa Bukavu
Mnazungumza nyama mmesahau chipsi. Huku kwetu Bukavu, hata Bujumbura na Kigali, chipsi bila mayonesi hujala. Watanzania na Wakenya ni tomato na kachumbari. Unaweza kumjua mkoloni wa mtu kwa kuangalia sahani yake.

#36 Kijana wa Leuven
Na chipsi ni za Wabelgiji, si za Wafaransa. Mwaka 1680 mto Meuse uliganda pale Namur, maskini waliozoea kukaanga visamaki wakakata viazi umbo la samaki wakakaanga. Wanajeshi wa Marekani walipokuja vita vya kwanza wakasikia watu wanasema Kifaransa, wakaziita za Kifaransa.

#37 Mla Boulet
@Kijana wa Leuven aliyemsahihisha Mwalimu kwenye witloof leo kaleta ngano. Habari ya 1680 ilitolewa na mwandishi Jo Gérard kwa karatasi za familia anazosema ni za 1781. Viazi vyenyewe upande wa Namur vilifika karibu 1735, ndiyo kusema walikata viazi vya ndotoni. Halafu maskini gani wa wakati huo alikuwa na sufuria zima la mafuta ya kuzamishia? Mwanahistoria wa hapa Liège, Pierre Leclercq, anasema chipsi zilianza kwa wachuuzi wa Paris, Mjerumani mmoja aliyeitwa Krieger akazileta kwenye maonyesho ya huku miaka ya 1830 hadi 1840, jina la biashara Fritz. Na hao wanajeshi wasahau, maneno ya "viazi vya kukaanga vya Kifaransa" yalikuwa kwenye kitabu cha mapishi cha Kiingereza tangu 1856.

#38 Kijana wa Leuven
Mbelgiji akikusikia unanyang'anywa kibali cha kuishi.

#39 Mla Boulet
Leclercq ni Mbelgiji. Na kuna kingine kinachouma: kiazi chao kipenzi cha chipsi, Bintje, kilizalishwa na mwalimu wa shule wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, akakipa jina la mwanafunzi wake. Hata kome wanaowaweka kwenye kila picha na chipsi, wengi wanatoka Zeeland, Uholanzi.

#40 Wa Nyeri
Kwa hivyo chipsi za Paris, viazi vya Uholanzi, kome wa Uholanzi, mukimo ya Nyeri. Wabelgiji wamebaki na nini?

#41 Mpishi Mstaafu
Wamebaki na kukaanga. Mara mbili. Kwanza mafuta ya nyuzi 150 hivi, kiazi kiive ndani bila rangi. Unaopoa, unaacha kipumzike na kupoa. Kisha nyuzi 180, dakika mbili tatu, unasikia kabisa sauti ikibadilika kwenye mafuta. Na mafuta ni ya ng'ombe, ndiyo harufu ile.

#42 Dereva wa Usiku
Muuza chips wa kwetu Tandika anakaanga nusu mchana, anazilundika kwenye kabati la kioo, ukija usiku anazirudisha kwenye mafuta. Kumbe ni fundi wa Brussels na hajijui.

#43 Papa wa Likasi
Na pilipili! Uliza Mubeleji jina ya sauce ile kali, atakuambia "pili-pili." Neno letu. Hapa Matonge, kule Ixelles, unapata sombe (kisamvu), makayabu (samaki ya chumvi), na Babeleji bazee bale balikaaka Congo banakuja kununua moambe (mchuzi ya mawese) ya mu boîte (kopo). Bale banarudi ku kwao tumbo ikabakia kwetu.

#44 Mtoto wa Bukavu
Papa umesema. Lakini usiwasamehe filet américain. Nyama ya ng'ombe mbichi, imesagwa, mayonesi, vitunguu, unapaka kwenye mkate. Ikiwa juu ya tosti wanaiita "cannibale," yaani mla watu. Hao ndio walituandikia vitabu vya nani mla nini.

#45 Ustadh Makorora
Hapo nimekaa kimya makusudi.

#46 Binti Pongwe
MREJESHO.

Wakuu nimerudia Alhamisi. Dubbel nyeusi. Kitunguu dakika arobaini na tano, nilikaa nacho kama mtoto mgonjwa. Peperkoek. Haradali nilikwenda kununua Groentenmarkt, lile duka la zamani la Tierenteyn-Verlent, wanakuchotea kutoka kwenye pipa la mbao, inapanda puani machozi yanatoka. Sukari kijiko kimoja, siki kijiko kimoja mwishoni. Nimeilaza usiku mzima, nimeipasha Ijumaa.

Uchungu hamna hata chembe. Mume wangu kala sahani mbili akafuta mchuzi kwa mkate. Asanteni wote.

#47 Mpishi Mstaafu
Hopsi. Nilisema.

#48 Shangazi Kisamvu
Kitunguu. Dakika arobaini na tano kasema mwenyewe.

#49 Mla Boulet
Kijiko kimoja cha sukari mmekiruka?

#50 Mwalimu wa Mimea
Umebadilisha vitu sita kwa mpigo, binti. Hapo hatutajua kamwe kilichokuwa kinakosesha. Ulitakiwa ubadilishe kimoja kimoja.

#51 Binti Pongwe
@Mwalimu wa Mimea kilo moja na nusu ya nyama mara sita? Nitumie hela.

Ila nina neno. Ni tamu, lakini si yake. Yake ina utamu mwingine, uko kwenye nyama yenyewe, si kwenye mchuzi. Na nyuzi zake ni laini zaidi, nyekundu iliyoiva. Nilinunua shingo ya ng'ombe kama mlivyosema wengine faraghani. Bado.

#52 Mpishi Mstaafu
Shavu la ng'ombe. Wazee wanapenda shavu.

#53 Papa wa Likasi
Hmm. Mama mukwe wako ni wa miaka ngapi?

#54 Binti Pongwe
Sabini na nane. Kwa nini?

#55 Papa wa Likasi
Ananunua nyama wapi? Supermarché, ao kwa boucher fulani wa mbali?

#56 Binti Pongwe
Kuna bucha moja anakwenda kwa treni, upande wa Vilvoorde. Anasema amelizoea tangu msichana.

#57 Shangazi Kisamvu
Yesu wangu. Vilvoorde.

#58 Dereva wa Usiku
Vilvoorde kuna nini? Semeni jamani, karanga zimeisha.

#59 Mpishi Mstaafu
Vilvoorde inajulikana kwa nyama ya farasi, tangu zamani. Stoofvlees ya wazee wengi ilikuwa ya farasi. Ni nyama nyekundu zaidi na ina utamu wake wa asili. Binti, sisemi ndiyo, sisemi siyo.

#60 Ustadh Makorora
Na mimi nilihangaika na bia.

#61 Binti Pongwe
Miaka mitatu. Kila Jumapili. Na nilikuwa naomba niongezwe.

Kesho kutwa tunakwenda kwake. Nitamuuliza.

#62 Wa Nyeri
Uliza baada ya kula.